Msamaha na Mapendo Mapya katika Hadithi ya Kihistoria ya Kikristo: Mazingatio kutoka Shituru

Riwaya ya mapenzi ya kihistoria yenye maudhui ya Kikristo ni utanzu unaosomwa sana na kuhakikiwa kidogo. Wahakiki wengi huiweka kando pamoja na vitabu vya kusomea safarini. Nao wahubiri huikubali bila kuichunguza, maadamu haina matusi. Kwa sababu hiyo swali lake kubwa halijapata kujadiliwa ipasavyo, nalo ni hili: mtu aliyesalitiwa na watu wa nyumba yake mwenyewe anawezaje kupenda tena, na je, kupenda huko kunamlazimu kusamehe kwanza? Makala haya yanakusudia kulieleza swali hilo kwa kutazama mizizi ya utanzu wenyewe, maneno ya Kiswahili yanayoubeba, na historia ya mahali pamoja panapoupima kwa ukali, yaani Shituru, mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi katika Katanga ya Juu.

Shituru haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Tangu kiwanda chake cha shaba kilipoanza kazi mwaka 1929, watu wake wameijua familia kama kitu kilichojengwa na kampuni, kikabarikiwa na Kanisa, kisha kikapasuliwa na siasa. Msomaji wa mahali kama hapo akiletewa hadithi ya msamaha, ana haki ya kuuliza maswali ambayo msomaji wa mbali hawezi kuyawaza.

1. Yusufu na Hosea

Utanzu huu umeshamiri hasa Amerika ya Kaskazini, na kwa Kiingereza. Mwaka 1979 Janette Oke, mwandishi wa Kanada, alitoa Love Comes Softly, hadithi ya mjane kijana anayekubali kuolewa na mjane mwenziwe kwa shida tu, hata mapenzi yakaja polepole baadaye. Mwaka 1991 Francine Rivers wa Marekani akatoa Redeeming Love, kitabu ambacho bado kinanunuliwa na kusomwa. Humo binti aliyekataliwa na baba yake anauzwa ukahaba angali mtoto, katika Marekani ya karne ya 19. Mkulima mmoja anamwoa, naye anamtoroka mara kwa mara, na kila mara mumewe anampokea tena. Mwandishi hakuficha alikochota msuko huo: mume katika riwaya anaitwa Hosea, kwa jina la nabii aliyeagizwa kumpenda mke asiye mwaminifu.

Ukichunguza hadithi za namna hii utaona kwamba zinafuata mojawapo ya mifano miwili ya kale, na mara nyingi mwandishi huichanganya bila kujua. Mfano wa kwanza ni wa Hosea: aliyesaliti ni mwenzi wa ndoa, na mapendo mapya yanazaliwa kwa mtu yule yule wa zamani. Mfano wa pili ni wa Yusufu: waliosaliti ni ndugu wa damu, na mapendo mapya yanazaliwa ugenini, kwa mtu mwingine kabisa. Tofauti hiyo si ndogo. Katika mfano wa Hosea kusamehe na kupenda upya ni tendo moja. Haiwezekani kufanya la pili bila la kwanza. Katika mfano wa Yusufu ni matendo mawili, na moja linaweza kutangulia lingine kwa miaka mingi.

Kisa cha Yusufu kinafaa kukaliwa kidogo, kwa kuwa kinajulikana na Wakristo na Waislamu pia. Sura ya 12 ya Kurani ina jina lake, na washairi wa pwani walikitungia utenzi. Jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka ni mpangilio wa matukio katika Kitabu cha Mwanzo. Yusufu anauzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Anakuwa mtumwa, mfungwa, kisha mkuu. Anapewa mke, Asenathi, binti wa kuhani wa Oni. Anazaa naye wana wawili kabla njaa haijafika na kabla hajaonana tena na ndugu zake. Mwana wa kwanza anamwita Manase, jina analolieleza kwa neno la kusahau: Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba yote ya baba yake. Mapendo mapya, basi, yalikuja mwanzo. Yakafuatiwa na usahaulifu uliopewa jina la mtoto. Msamaha haukuwa umeguswa bado.

Kisha ndugu wanakuja kununua nafaka, na yule aliyesahau anakumbuka. Anajificha chumbani kulia. Hawapi msamaha papo hapo. Anawajaribu kwa kikombe kilichofichwa katika gunia la Benyamini, hata Yuda, ndiye aliyetoa shauri la kumuuza, anajitoa kuwa mtumwa badala ya mdogo wake. Hapo ndipo Yusufu anapojitambulisha.

Lakini hata hapo kisa hakijakwisha. Yakobo anaishi Misri miaka 17 pamoja na wanawe wote. Anapokufa, wale ndugu wanaingiwa na hofu upya, wanatuma ujumbe wakiomba wasamehewe. Ni mara ya kwanza neno la kusamehe kutokea katika kisa kizima, nalo linatoka vinywani mwa waliokosa. Yusufu analia; anakataa kujiweka mahali pa Mungu; anaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Yeye mwenyewe halitamki neno lile. Kwa miaka 17 walikula mkate wake bila kuamini kwamba wamesamehewa, na mwandishi wa Mwanzo hakuona haya kuliandika hilo.

Wasomaji wa kale walihisi kwamba Asenathi ameachwa katika kivuli. Ndiyo maana ikatungwa kwa Kigiriki hadithi nzima juu yake, inayojulikana kama Yusufu na Asenathi. Wataalamu hawakubaliani kuhusu tarehe yake, wala kama mtunzi alikuwa Myahudi au Mkristo. Lililo hakika ni kwamba Wakristo ndio walioihifadhi na kuitafsiri katika Kisiria, Kiarmenia, Kilatini na lugha nyingine. Inaweza kuitwa nyanya ya utanzu unaojadiliwa hapa. Asenathi, binti mwenye kiburi, anamdharau Yusufu kabla ya kumwona. Akimwona anapigwa na mapenzi. Anafunga, analia, anaacha miungu ya baba yake, anaolewa. Hadithi nyingi za leo zingeishia hapo kwenye arusi. Mtunzi huyu anaendelea. Mwana wa Farao, aliyemtamani Asenathi, anawashawishi baadhi ya ndugu wa Yusufu, wana wa vijakazi wa Yakobo, wamvizie shemeji yao njiani. Usaliti wa nyumbani unarudi mara ya pili, na safari hii unamwelekea yule bibi arusi. Shauri lao likishashindwa, Simeoni anataka kuwaua, na Asenathi ndiye anayemzuia, akisema kwamba uovu haulipwi kwa uovu. Kwa maneno mengine, anayesamehe ni yule mpendwa mpya. Ameingia katika ukoo wenye jeraha, akalirithi jeraha, na sasa ana sauti juu yake.

2. Maneno

Mwandishi anayetaka kuandika hadithi ya aina hii kwa Kiswahili anakuta maneno yamekwisha kumfanyia nusu ya kazi, na nusu nyingine yamemwekea mitego.

Kitenzi samehe kimetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukarimu na kutobana. Kinatumika kwa kosa na kwa deni vilevile: mtu husamehewa tusi, husamehewa pia kodi. Hata sala ya Bwana inasaliwa kwa namna mbili. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inataja deni na wadeni katika Injili ya Mathayo. Sala waliyoizoea Wakatoliki inataja makosa. Tofauti hiyo ina uzito katika fasihi. Deni lina kiasi: likisamehewa, hesabu imefungwa. Kosa halina kiasi, na aliyekosewa anaweza kuamka asubuhi akalikuta limekua usiku. Riwaya nyingi za Kikristo zinasimulia msamaha kama wa deni, yaani siku moja, sala moja, machozi, kisha ukurasa mpya. Kisa cha Yusufu kinausimulia kama wa kosa.

Lugha za Kibantu zinazozungumzwa Katanga zina picha nyingine tena. Katika Kibemba, kinachosikika katika miji ya machimbo pande zote mbili za mpaka wa Zambia, kusamehe ni -lekelela, kitenzi kilichonyambuliwa kutoka -leka, maana yake kuacha. Kiswahili nacho kina achilia. Picha hapa ni ya mkono uliokuwa umeshika kitu. Haielezi hesabu wala ukarimu, inaeleza uchovu wa kushika. Mjini Likasi, hata hivyo, watu wengi katika mazungumzo ya kila siku husema kuomba pardon, kwa neno la Kifaransa, na pengine si kwa bahati. Neno la kigeni ni jepesi zaidi mdomoni; linaombwa kwa kukanyaga mtu mguu na kwa kuvunja nyumba yake vilevile.

Kuna tatizo la kisarufi pia, ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Samehe hudai mtenda na mtendwa: fulani amemsamehe fulani. Lakini kauli ya kutendana, sameheana, inaweza kutumika bila kumtaja mkosaji hata mmoja. Katika hotuba za upatanisho kauli hiyo inapendwa sana, kwa kuwa inamwepusha msemaji na aibu ya kutaja majina. Wote wanasameheana, kwa hiyo wote walikosa kwa kiasi kimoja, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza nani alichoma mlango wa nani. Hotuba inaweza kuishi hivyo. Hadithi haiwezi, kwa sababu hadithi ina wahusika, na msomaji amekwisha kuona katika sura ya tatu ni mkono wa nani ulioshika kiberiti.

Neno komboa lina historia ya damu. Kabla ya kuwa neno la kanisani lilikuwa neno la kulipia: kukomboa rehani, kukomboa mtumwa. Katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walipokabidhiwa kituo cha Mpala mwaka 1885 walikusanya watoto walionunuliwa kutoka misafara ya watumwa, wakawalea, wakawafundisha, kisha wakawaoza wao kwa wao katika vijiji vya Kikristo. Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, tabibu Adrian Atiman, aliyeuzwa akiwa mtoto katika Afrika ya Magharibi na kukombolewa na mapadri hao hao, alifika mwaka 1889 baada ya kusoma utabibu Malta. Akaoa huko, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Wale waliooana Mpala walikuwa Yusufu na Asenathi wa kweli: hawakuwa na mjomba wa kupokea mahari, na baadhi yao waliouzwa wakati wa njaa au kwa deni waliuzwa na jamaa zao wenyewe. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili na cha watoto wao lugha ya kwanza. Inashangaza kwamba waandishi wa riwaya za Kiswahili hawajavuna shamba hilo ipasavyo. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934 kuhusu waliokombolewa na kukaa karibu na Mombasa, kilionyesha mapema kwamba historia hiyo inasimulika, ingawa mapenzi si shughuli yake.

Mwisho ni mapendo. Pwani, mapenzi ni ya mvulana na msichana, na upendo ni wa Mungu na jirani. Katanga, mapendo yanabeba yote mawili: bibi na bwana wana mapendo (na bibi huko ni mke, si nyanya), na Mungu ana mapendo. Jina hilo moja kwa mambo mawili lilikuja kuzaa, katikati ya karne ya 20, mojawapo ya mafundisho ya pekee kabisa kuhusu ndoa yaliyowahi kutungwa kwa Kiswahili.

3. Familia iliyojengwa, familia iliyopasuka

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière du Haut-Katanga iliacha desturi ya kuleta wanaume peke yao kwa muda mfupi. Ilianza kutafuta wafanyakazi wenye wake, au kuwasaidia vijana kuoa, ikawapa nyumba katika kambi, ikagawa posho kwa mke na kwa kila mtoto, ikafungua shule na hospitali za uzazi. Mapadri na masista wakaja na katekisimu. Wafanyakazi walitoka mbali: Kasai, Maniema, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini, na vijiji vya Katanga yenyewe. Katika kambi za Panda na Shituru, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, mtoto wa Mkasai alikua ukuta mmoja na mtoto wa Mkatanga, wakasemeshana Kiswahili, wakaoana. Kampuni ikaitwa baba na mama. Haukuwa mzaha, ilikuwa inalisha.

Katika ulimwengu huo ndipo ilipozuka Jamaa. Placide Tempels, mtawa wa Kifransisko kutoka Ubelgiji, alijulikana kwanza kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichotoka mwaka 1945. Alipohamia miongoni mwa wachimbaji wa Kolwezi mwaka 1953, alianza kukusanya waume na wake zao. Jambo jipya halikuwa kufundisha ndoa. Mapadri wengine walikuwa wakiifundisha. Jambo jipya lilikuwa kwamba mume na mke waliingia pamoja, wakatakiwa kufunuliana mioyo, wakaitwa Baba na Mama, na kuitafuta pamoja ile ambayo mafundisho yaliiita uzima, uzazi na mapendo. Jamaa ikaenea katika kambi za Katanga, Likasi ikiwamo, na baadaye hata Kasai. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 asirudi tena. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekaa Katanga katika miaka ya 1960, aliandika juu ya kundi hilo kitabu kilichotoka mwaka 1971, na ni kwa njia yake wasomi wengi wameyajua mafundisho hayo. Maaskofu walikuja kuitilia shaka Jamaa, hasa tawi lililoitwa katete, na mashaka hayo hayakuwa bila sababu. Lakini hilo ni jambo la makala nyingine.

Kwa fasihi, Jamaa ilifanya kitu ambacho riwaya iliyoletwa kutoka nje haikifanyi. Katika riwaya ile, mapendo mapya ni mtu mpya: mgeni mwenye farasi, mwalimu aliyefika kijijini. Katika Jamaa, mapya ni mapendo, na mtu ni yule yule: fundi wa mtambo aliyekuwa akimpiga mkewe siku ya mshahara, mke aliyekuwa akificha fedha kwa dada yake. Kisarufi ni sawa kabisa. Kivumishi kimekubaliana na ngeli ya mapendo, hakikukubaliana na ngeli ya mtu. (Si bure kwamba Kiswahili kinatumia neno moja, upatanisho, kwa magomvi yaliyotulia na kwa maneno yanayokubaliana katika sentensi.) Ni mfano wa Hosea ulioshushwa kutoka kwa nabii hadi nyumba ya vyumba viwili.

Nyumba hizo hizo zilijaribiwa miaka arobaini baadaye. Mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Jimbo lilikuwa bado likiitwa Shaba. Mashambulizi dhidi ya watu wenye asili ya Kasai, yaliyochochewa kwa maneno ya wanasiasa na kutekelezwa na vijana wa chama cha UFERI, yaliipiga Likasi katika miezi iliyofuata, na Kolwezi mwaka 1993. Watu waliozaliwa Shituru na wazazi waliozaliwa Shituru waliambiwa warudi kwao. Walijaa katika stesheni ya reli ya Likasi na katika mashule, wakingoja treni ya kwenda mahali ambapo wengi wao hawakuwa wamepaona. Wengine walifia hapo au njiani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 juu ya uhalifu mkubwa uliotendeka nchini Kongo inaanza na mambo hayo.

Kwa ndoa za mchanganyiko maana yake ilikuwa ya kikatili kwa namna ya pekee. Mke Mkatanga alitakiwa kuchagua kati ya mumewe na kaka zake. Watoto walikuwa wa upande gani? Shemeji, yaani mtu aliyekula pamoja nao Krismasi, alijua nyumba ina milango mingapi. Huo ndio usaliti wa familia katika umbo lake kamili, na hakuna riwaya ya mapenzi iliyowahi kubuni mbaya kuliko huo.

Na baba mkubwa alikuwa akifa wakati ule ule. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilishuka kutoka zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ikakoma, posho ikakoma. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kazini kwa malipo ya mara moja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi kwa jina linalosema yote: wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba mzazi, aliyekuwa mkubwa nyumbani kwa sababu kampuni ilimfanya mkubwa, alirudi mikono mitupu. Mama akaenda sokoni, akawa yeye ndiye mwenye kulisha. Wanandoa wengi walilazimika kuoana upya, kwa masharti mengine, bila padri kuitwa.

4. Hadithi ya Shituru ingedai nini

Tuseme kwamba mwanafunzi mmoja ameamua kuandika riwaya ya namna hii, ya kihistoria na ya Kikristo, akaiweka Shituru kati ya 1992 na 2003. Ataona mara moja kwamba msuko aliouzoea umemkatalia katika mambo mawili.

La kwanza ni safari. Katika msuko ule, aliyesalitiwa huondoka. Nchi mpya humpa jina jipya, na waliomsaliti hubaki nyuma ya upeo wa macho mpaka sura ya mwisho, watakapofika wakiwa wamekonda na kutubu. Likasi ni mji ambamo wengi walibaki, na ambamo baadhi ya waliofukuzwa walirudi. Aliyesaliti anauza mkaa kwenye kona. Anasalimu. Watoto wake wako darasa moja na watoto wa aliyemsaliti. Mhusika mkuu hana miaka ya Misri ya kumsaidia kusahau. Ana miaka 17 ya Gosheni, ile ya kula pamoja bila kuaminiana, na hiyo ndiyo sehemu ambayo Kitabu cha Mwanzo chenyewe kiliipita kwa mistari michache. Hapo pana riwaya nzima haijaandikwa.

La pili ni kutubu kwa mkosaji. Riwaya za Kikristo zimegawanyika juu yake. Baadhi zinamtaka mwenye kusalitiwa asamehe peke yake moyoni, hata kama mkosaji hajafungua mdomo, kwa kuwa msamaha unasemwa kuwa dawa ya anayeutoa. Fundisho hilo lina faraja yake, na hapana sababu ya kulidharau. Lakini likifanywa msuko, linamwondolea mkosaji kazi yote; anakuwa kama mti uliomwangukia mtu. Yusufu hakufanya hivyo. Alingoja mpaka Yuda aseme. Mila za nchi nazo hazikufanya hivyo: kosa la ukweni lilisemwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, likatajwa kwa jina lake, kisha kikatolewa kitu. Mhakiki anaweza kusema, bila kuogopa kuitwa mkali, kwamba riwaya inayoruka ungamo ili ifike haraka kwenye arusi haijaeleza msamaha, imeeleza ndoa tu.

Iko pia riwaya ya kukumbukwa kwa kinyume chake. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, kinatokea katika familia ya Kikatoliki ya Ukerewe na kinajua vizuri lugha ya toba. Rosa, aliyeharibiwa kwanza na ukali wa baba, anamwambia ukweli kijana anayetaka kumwoa, Charles anamkataa, Rosa anajiua. Kezilahabi hakuwa akiandika mapenzi ya Kikristo, na pengine angecheka kusikia kitabu chake kikitajwa pamoja nayo. Lakini aliwaachia waandishi wa utanzu huu mtihani: alionyesha ungamo la kweli likiangukia sikio lisilo na msamaha. Anayetaka kuandika kwamba mapendo mapya yanawezekana hana budi kumfanya Charles wake akae kitini, asikie yote, na asiondoke. Na sababu za kutoondoka ziwe zake mwenyewe, zisiwe za mwandishi.

Kwa upande wa lugha, mwanafunzi huyo atalazimika kuamua ni Kiswahili gani wahusika wake wataongea. Kiswahili sanifu kitawafanya wafanane na watu wa barua za kanisa. Kiswahili cha Katanga kitawapa sauti ya nyumbani, pamoja na Kifaransa cha ofisini, Kibemba cha nyanya, na Kiluba cha Kasai kinachonong'onwa tangu 1992 kwa sababu ya kuogopa majirani. Katika mwaka ule, namna ya kutamka neno moja ilitosha kumtambulisha mtu. Mke anayejifunza lugha ya mumewe baada ya hapo, mlango ukiwa umefungwa, amefanya tendo la mapenzi ambalo halihitaji kuelezwa kwa maneno mengine.

Liko na suala la jina la mtoto. Katika nyumba ya mchanganyiko iliyobaki nzima, mtoto aliyezaliwa mwaka 1993 alihitaji jina, na kila jina lilikuwa na upande: la babu wa Kasai aliyepanda treni, la mjomba wa Katanga aliyesimama kando ya reli, au la mtakatifu asiyemjua yeyote kati yao. Yusufu alimpa mwanawe jina la kusahau akidhani mambo yamekwisha, na mtoto akakua akiitwa hivyo mbele ya ami zake.

Mwandishi wa Shituru ataanzia pengine hapo, mtoto akiwa mikononi mwa mama, karani akingoja na kalamu yake.